Tepu ya Gongo la Barafuni: Kunata Si Kushika

Anayenunua tepu ya gongo kwa mara ya kwanza huwa na kipimo kimoja. Huikandamiza kwa kidole gumba, huvuta, na ile inayong'ang'ania kidole ndiyo anayoibeba. Kipimo hicho kinafaa kwa tepu ya kufungia maboksi. Kwenye mpira wa magongo wa barafuni hakifai, na ndicho chanzo cha makosa mengi: mikono inayochoka mapema, glavu zinazotoboka kiganjani, pasi zinazodunda kwenye gongo badala ya kutulia. Hoja yangu ni kwamba kunata na kushika ni mambo mawili, na mara nyingine yanapingana. Kinachonata ni gundi. Kinachoshika ni uso wa tepu, ule upande wa juu unaokutana na kiganja, au na puki, au na soksi. Anayeanza kwa kuuliza tepu inanata kiasi gani ameanza nyuma-mbele. Aulize kwanza: hapa vitu gani viwili vinagusana, na ninataka kimoja kikifanyie nini kingine?

Kwa asiyeujua mchezo huu, maelezo machache yanatosha. Wachezaji watano na golikipa kila upande, wamevaa viatu vyenye wembe wa chuma, wanagombania puki, kisahani cheusi cha raba ngumu chenye kipenyo cha sentimita 7.62, unene wa sentimita 2.54 na uzito wa gramu 156 hadi 170. Katika ligi kuu ya Amerika Kaskazini, NHL, puki hugandishwa kabla ya mechi ili isidunde hovyo. Gongo lina mpini mrefu na bapa lililopinda chini, ambalo kwa kanuni za NHL halizidi sentimita 31.75 kwa urefu. Kanuni hizohizo zinaruhusu tepu ya rangi yoyote, mahali popote kwenye gongo. Uhuru huo ndio unaowavuruga watu, kwa kuwa pasipo katazo kila mtu huiga alichokiona kwa mwenzake.

Tuanze na gundi, maana ndiyo inayodanganya. Tepu ya gongo iliyozoeleka ni ukanda wa kitambaa cha pamba, au pamba iliyochanganywa na nyuzi za plastiki, upana wa takriban sentimita mbili na nusu, uliopakwa gundi ya asili ya mpira upande mmoja. Kazi ya gundi hiyo inaishia pale kitambaa kinapoganda kwenye gongo. Ikishakishikilia kisihame wala kisikunjamane, haina kazi nyingine, kwa sababu imefunikwa na haigusi puki wala kiganja. Isitoshe, gundi za jinsi hii hukakamaa kwa baridi. Tepu iliyonata vizuri dukani hupoteza sehemu kubwa ya mnato wake ikifungwa kando ya barafu, kwenye gongo la baridi lenye umande. Ndiyo maana wazoefu hufunga magongo yao chumbani, bapa likiwa kavu na lenye joto la chumba, kisha huisugua tepu kwa ukingo wa puki mpaka ilale yote. Rola ya bei ya kawaida iliyofungwa namna hiyo itaishinda rola ya bei ghali iliyofungwa kwa haraka benchini.

Bapa ndilo lenye habari nyingi zaidi, hivyo tukae nalo kidogo. Chukua puki uitazame ubavuni: mzunguko wake wote umechorwa vijistari vinavyokatizana, kama alama za kisu juu ya kitumbua cha raba. Michoro hiyo haikuwekwa kwa urembo. Imewekwa ili ubavu wa puki upate kushikana na tepu. Mchezaji anapopiga shuti la kifundo cha mkono, puki haitoki kwenye bapa kama jiwe linavyotoka kwenye manati. Huanzia karibu na kisigino cha bapa, ikabiringika kuelekea ncha, na kadiri inavyobiringika ndivyo inavyopata mzunguko. Puki inayozunguka hutulia hewani kwa sababu ileile inayoisimamisha pia ya mtoto: kitu kinachozunguka kwa kasi hukataa kulala upande. Puki isiyozunguka huyumba kama kifuniko cha sufuria kilichorushwa, na hakuna ajuaye itakapotua, aliyeipiga akiwamo. Kwa hiyo bapa linahitaji uso ambao puki haitelezi juu yake na pia haigandi. Linahitaji msuguano, na msuguano huo hutolewa na mfumo wa nyuzi za kitambaa. Nyuzi huingia kwenye michoro ya puki, kitambaa hubonyea kidogo na kupunguza mshtuko wa pasi inayofika kwa kasi, kisha huiachia puki bila ubishi.

Hapo ndipo tepu yenye gundi pande zote mbili, ile nyeusi ya kitambaa kilicholoweshwa mpira, inapozua mjadala. Wapo wanaoiapia kwa sababu inashika puki kwa nguvu, na kwa pasi za taratibu wana haki. Lakini uso unaonata hushika kila kinachopita, na kinachopita zaidi barafuni ni unga wa barafu unaochimbuliwa na viatu. Baada ya dakika chache za mchezo bapa hupata utando mweupe, utando ukawa donge, na donge likarusha puki kando. Tiba yake ya zamani ni nta. Kipande cha nta kikisuguliwa juu ya tepu ya kitambaa huziba matundu kati ya nyuzi, maji hayapenyi, unga wa barafu hauna pa kujishikiza, na uso hubaki na ukavu wenye ukakasi kidogo. Angalia jambo hilo vizuri: mchezaji anapaka nta ili tepu isilowe, na kwa kufanya hivyo anaongeza mshiko kuliko alivyoweza kuupata kwa kuongeza gundi.

Hata mwelekeo wa kufunga una sababu, ingawa wengi huurithi bila kuuliza. Ukianzia kisigino kwenda ncha, kila mzunguko mpya unalalia ule uliotangulia, na ukingo wake ulio juu unatazama kisigino. Puki inayobiringika kutoka kisigino kwenda ncha inakutana na kingo hizo uso kwa uso, kama mguu unaopanda vidaraja vidogo, na kila kidaraja kinaongeza mzunguko kidogo. Ukianzia ncha, kingo zinatazama upande wa pili. Puki inateleza juu yake kama mkono unaopapasa manyoya ya paka kufuata yalivyolala. Anayepiga mashuti mengi ya kifundo cha mkono ana sababu ya kuanzia kisigino. Anayependa kuachia puki haraka ana sababu ya kuanzia ncha. Mizunguko ilaliane kwa robo ya upana wa tepu hivi. Ikizidi sana, bapa linanenepa na mkono haupati habari ya puki kwa wakati. Na tepu ivutwe ikazike bila kunyongwa, kwa kuwa mkunjo mmoja katikati ya bapa hudhuru kuliko kukosa tepu kabisa mahali hapo.

Mpinzani wa hoja hii ana shahidi mkubwa, na si haki kumpita kimya. Bobby Orr, beki wa Boston Bruins aliyeongoza ligi nzima kwa pointi katika misimu ya 1969–70 na 1974–75, anakumbukwa kwa bapa lililokuwa karibu tupu, lenye kaukanda kadogo tu ka tepu. Ikiwa beki aliyewapita washambuliaji wote kwa pointi hakuhitaji tepu, kelele hizi zote za nini? Jibu la kwanza liko kwenye gongo lenyewe. Orr alicheza kwa gongo la mbao, na mbao ina nyuzi zake, ina ukakasi wake, na hunywa mshtuko. Magongo ya leo yametengenezwa kwa nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi ngumu. Uso wake unakaribia ulaini wa sahani ya kauri. Bapa tupu la leo si bapa tupu la wakati wake. Jibu la pili ni kwamba tepu humsaidia asiyekuwa na mikono ya Orr kufikia kile ambacho Orr alikifikia kwa vidole. Kumuiga bingwa kwenye kile asichokihitaji ni kama kukataa miwani kwa sababu babu yako anasoma bila miwani.

Shahidi wa pili, kwa bahati, amekaa upande wangu. Wayne Gretzky, mwenye mabao 894 katika mechi za msimu wa kawaida wa NHL, rekodi iliyodumu hadi Alexander Ovechkin alipoivuka Aprili 2025, alikuwa na desturi ya kunyunyizia poda ya watoto kwenye tepu ya bapa lake. Alifunga tepu, kisha akauua mnato wake. Ukitazama kwa kipimo cha kidole gumba, huo ni upuuzi: kununua gundi na kuifunika unga. Ukitazama kwa kipimo cha vitu viwili vinavyogusana, unaeleweka moja kwa moja. Alitaka nyuzi za kitambaa bila ung'ang'anizi wa gundi, ili puki itue kwa upole na iondoke bila kuvutwa. Bila shaka mtu mmoja, hata awe Gretzky, hathibitishi kanuni. Lakini anatosha kuiangusha ile ya kwamba tepu inayonata zaidi ndiyo bora.

Sasa tupande juu, kwenye mpini. Kosa la kawaida hapa ni kudhani mikono miwili inafanya kazi moja. Mkono wa juu, ulio mwishoni mwa gongo, haubanduki. Unazungusha, unaongoza, na ndio unaobaki peke yake mchezaji anaponyoosha gongo kumpokonya mwenzake puki. Mkono wa chini hupanda na kushuka kila sekunde: unashuka kwa shuti, unapanda kwa pasi, unaachia kabisa kwa kukimbia. Mkono wa juu unahitaji mahali pa kujifungia, wa chini unahitaji barabara. Ukifunga tepu inayonata mpaka katikati ya mpini, umeununulia mkono wa chini matope. Ndiyo maana ninaona mipako ya kunata ambayo viwanda huweka kwenye mpini mzima kuwa kitu cha kufikiriwa mara mbili. Inavutia ukiishika dukani kwa mkono mtupu. Ndani ya mchezo, ukiwa na glavu, ni suala la mazoea, na magongo yasiyopakwa bado yana wateja wake kwa sababu nzuri.

Kwenye ncha ya juu ndipo penye kifundo. Kazi yake ya kwanza ni rahisi: mkono ukiteleza, unakomea pale. Kina kazi nyingine mbili. Gongo likianguka barafuni, mpini ukilala bapa, vidole vyenye glavu nene haviwezi kuingia chini yake; kifundo huinua ncha kiasi cha vidole kupita. Pili, mpini wa kaboni una uwazi ndani kama bomba, na bomba lisilozibwa likimwingia mtu mbavuni kwa kasi ya mchezo huu ni silaha, kwa hiyo kizibo na kifundo ni usalama kabla ya kuwa starehe. Kwa golikipa jambo hili limeandikwa hasa: kanuni za NHL zinadai gongo lake liwe na kifundo cha tepu nyeupe au kinga nyingine iliyoidhinishwa, chenye unene usiopungua nusu inchi, yaani milimita 13 hivi.

Tepu gani ifunikie kifundo? Hapa glavu ndiyo inayoamua. Kiganja cha glavu kimeshonwa kwa ngozi laini au kitambaa chembamba kinachofanana nayo, chembamba kwa makusudi ili vidole vihisi gongo. Tepu nyeusi ya gundi pande mbili huacha masizi ya gundi kwenye kiganja, masizi hukauka, kiganja hukakamaa, na mahali pa kwanza kutoboka ni chini ya kidole gumba. Kubadilisha kiganja cha glavu kunagharimu zaidi ya rola nyingi za tepu. Tepu nyeupe ya kitambaa hula glavu polepole zaidi. Inayoidhuru kidogo kuliko zote ni tepu ya kuvutika isiyo na gundi ya kushika vitu vingine, ile inayojishika yenyewe kwa yenyewe. Imefumwa kama bandeji, na ukiifinya inarudi. Chini yake wengi husokota tepu ya kawaida iwe kamba, wakaizungusha kwenye mpini kwa mshazari, kisha wakafunika. Matuta hayo huwapa vidole pa kukaa. Ni suluhisho zuri sana kwa nadharia yetu, kwa sababu mshiko wote umepatikana kwa umbo, gundi haikuongezwa hata tone.

Tepu ya tatu, ya soksi na kinga za ugoko, haihitaji maneno mengi. Kinga ikizunguka mguuni, puki itampata mchezaji kwenye mfupa. Tepu ya kuifungia ni ya plastiki laini inayovutika, mara nyingi isiyo na rangi, na mizunguko miwili mitatu chini ya goti na juu ya kifundo cha mguu inatosha. Kosa ni kuikaza. Msuli wa shavu la mguu hujaa damu na kuvimba ukifanya kazi. Tepu iliyokazwa mguu ukiwa umepumzika itakuwa kitanzi baada ya dakika kumi, na ganzi kwenye vidole ndiyo barua yake ya kwanza. Ipo pia mikanda ya kushikiza inayotumika tena na tena, na kwa mazoezi sioni sababu ya kutupa plastiki mpya kila jioni.

Kuna pingamizi lililobaki, na wahenga wamelifupisha vizuri: mchagua jembe si mkulima. Mchezaji ajifunze kuteleza, kupiga pasi na kusoma mchezo. Tepu ni mambo ya watu wasio na la kufanya. Nusu ya pingamizi hili ni kweli. Tepu haijamfanya mtu yeyote kuwa mchezaji. Lakini methali inamsema anayechagua ili asilime. Mkulima mwenyewe, aliye shambani tangu alfajiri, hakubali mpini unaocheza kwenye jembe, na hatumii siku nzima kuurekebisha: anapigilia kabari, analima. Kuchagua tepu kwa kuelewa ni kabari hiyo. Kunachukua dakika kumi, na anayeelewa sababu huacha kubadilisha kila wiki.

Swali hili lina uzito wa pekee kwa wanaocheza mbali na maduka ya mchezo. Nairobi ina uwanja mdogo wa barafu ndani ya hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, uliofunguliwa 2005, na kutoka hapo ilizaliwa timu ya Kenya Ice Lions, ambayo mwaka 2018 ilialikwa Kanada ikacheza pamoja na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Mwaka 2024 Kenya ilikubaliwa kuwa mwanachama mshirika wa shirikisho la kimataifa la mchezo huu, IIHF. Kwa mchezaji wa mazingira hayo rola ya tepu maalumu huja na begi la msafiri, na kishawishi cha kutumia kilicho dukani ni kikubwa. Kipimo chetu kinamjibu bila kumdharau. Tepu ya fundi umeme ni plastiki inayovutika. Ni ndugu wa karibu wa tepu ya soksi, na kwenye ugoko inafanya kazi bila lawama. Kwenye bapa usiiweke: uso wake ni laini kama ubao uliopakwa rangi, na maji yakiingia unakuwa laini zaidi. Plasta ya kitambaa ya duka la dawa, ile ya pamba inayochanwa kwa mkono, ni nzuri kwenye kifundo kwa kuwa inafanana sana na tepu nyeupe ya gongo. Kwenye bapa itafaa kwa muda mfupi, kwa kuwa pamba yake hunywa maji. Ipake nta ya mshumaa, nayo itavumilia zaidi. Tepu ya mabomba na ile ya kahawia ya maboksi ziache kwenye mabomba na maboksi.

Basi anayeweza kuagiza rola moja tu aagize ya kitambaa, rangi yoyote, na aitumie kwenye bapa pekee. Kifundo kitaivumilia plasta, soksi zitaivumilia tepu ya umeme, lakini bapa halina badala ya kitambaa kizuri. Abadilishe inapoanza kutoa manyoya au inapobaki na unyevu hata baada ya kufutwa. Na siku ya kununua, kidole gumba kikae mfukoni: apitishe ukucha juu ya uso wa tepu, asikilize kama unakwaruza.